Kukadiria pembe za dume la pronghoni kabla ya kufyatua risasi

Pronghoni ni mnyama wa nyika za magharibi ya Marekani: Wyoming, Montana, Colorado, New Mexico, Arizona, Nevada, na kuvuka mpaka hadi Alberta na Saskatchewan nchini Kanada. Wenyeji humwita swala, lakini ukoo wake si wa swala. Yeye ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake, na jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Dume mzima ana kilo 45 hadi 55 hivi, na kimo chake begani ni kama sentimita 90. Makosa mengi ya wawindaji yanaanzia hapo. Mnyama ni mdogo, anaishi mahali peupe pasipo mti wa kumlinganisha naye, na pembe zake nyeusi zimesimama wima juu ya kichwa chembamba. Kila dume anaonekana mkubwa. Unamfuata kwa saa mbili ukitambaa kwenye changarawe na miiba, unapiga, na ukimfikia pembe zimekuwa za kawaida kabisa.

Kosa hilo halitokani na macho mabovu. Linatokana na kutazama kitu kisichohesabiwa sana. Urefu ndio unaovuta jicho, na unene ndio unaoleta alama pembe zinapopimwa.

Pembe ilivyo

Pembe ya pronghoni ina sehemu mbili. Ndani kuna kiini cha mfupa, bapa kama ulimi wa kisu, ambacho hakidondoki maisha yote. Nje kuna ala nyeusi ya dutu ileile inayofanya kwato na kucha. Nyati, pofu na tandala nao wana ala juu ya mfupa, lakini wao hukaa nayo mpaka kufa. Pronghoni huivua kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kati ya Oktoba na Desemba, huku ala mpya ikiwa tayari inamea chini yake na kuisukuma ile ya zamani.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, pembe unazoziona Septemba zimeota majira ya baridi na masika yaliyopita. Baridi ikiwa kali na malisho kufunikwa na theluji, madume wa eneo zima hutoka na pembe hafifu mwaka huo. Mvua na majani yakiwa ya kutosha, eneo lilelile hutoa pembe nene. Dume uliyemwona mwaka jana si lazima awe na pembe zilezile mwaka huu. Pili, anayechelewa hadi mwisho wa msimu anaweza kukuta dume mzuri ambaye kichwani ana vijiti viwili vya mfupa tu vyenye nywele.

Katikati ya pembe, upande wa mbele, hutokeza tawi fupi na pana. Hapa tutaliita panda, kama panda ya manati. Juu ya panda pembe huwa nyembamba na ya mviringo, kisha hujikunja kuelekea nyuma au ndani, na mara nyingi ncha yake ni nyeupe kama pembe ya ndovu.

Alama zinavyohesabiwa

Kipimo kinachofuatwa na wengi ni cha klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887. Hupimwa kwa inchi na sehemu za nane za inchi. Kila pembe ina vipimo 6: urefu kwa kufuata mkunjo wa nje kutoka ukingo wa chini wa shina hadi ncha, urefu wa panda, na mizingo minne. Mzingo wa kwanza ni wa shina. Mingine mitatu huchukuliwa kwenye robo, nusu na robo tatu ya urefu, na kama pembe moja ni ndefu kuliko nyenzake, urefu wa ile ndefu ndio unaogawanywa kwa nne. Jumla ya pembe zote mbili hupunguzwa tofauti iliyopo kati ya kulia na kushoto. Upana kati ya pembe hauna alama hata moja.

Kiwango cha kuingia kwenye kitabu cha klabu hiyo ni 80 kwa orodha ya muda na 82 kwa orodha ya kudumu. Kwa wanaowinda kwa upinde, klabu ya Pope and Young hupokea kuanzia 67. Rekodi ya dunia ya Boone and Crockett, dume wa mwaka 2013 kutoka wilaya ya Socorro, New Mexico, ina 96 4/8. Kwa hiyo kati ya dume wa kutosha kuingia kitabuni na dume mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikwa kuna inchi 14 na nusu tu, zilizotawanyika katika vipimo 12. Nusu inchi ina uzito mkubwa kwa mnyama huyu.

Sasa angalia hesabu. Mizingo ni minne kila upande, yaani minane kwa jumla. Dume akiwa na nusu inchi ya ziada katika kila mzingo, amepata inchi 4. Ili apate inchi 4 hizohizo kwa urefu, kila pembe iongezeke inchi 2 nzima, na inchi 2 za urefu utaziona hata bila darubini, ilhali nusu inchi ya unene haionekani mpaka uitafute.

Linganisha madume wawili. Wa kwanza pembe zake zina urefu wa inchi 16.5, panda inchi 4, na mizingo 5.5, 5.25, 3.25 na 2.25. Upande mmoja unatoa 36.75, pande mbili 73.5. Wa pili ana urefu wa inchi 14 tu, panda inchi 5.75, na mizingo 6.75, 6.5, 5 na 3. Upande mmoja 41, pande mbili 82. Wakisimama pamoja juu ya kilima, wawindaji wengi wageni watamchagua wa kwanza, na kumwacha aliye kitabuni aondoke zake.

Rula iliyo kichwani mwake

Hutakuwa na futi ya fundi cherehani nyikani, ila mnyama mwenyewe amebeba vipimo viwili visivyobadilika sana kutoka dume hadi dume. Sikio lina urefu wa karibu inchi 6, yaani sentimita 15. Jicho lina upana wa karibu inchi 2, yaani sentimita 5, na liko moja kwa moja chini ya shina la pembe. Huo ni urahisi mkubwa, maana jicho na shina vinaonekana pamoja ndani ya darubini bila kuhamisha macho.

Sikio hutumika kupima urefu na panda. Jicho hutumika kupima unene. Usiyachanganye, na usitumie mwili kama rula, kwa sababu mwili ndio unaodanganya: dume mwenye kiwiliwili kidogo hufanya pembe za kawaida zionekane za ajabu. Ukiwa na shaka, tafuta jike karibu naye. Masikio ya jike yanakaribia sana urefu wa yale ya dume, na pembe za jike, kama anazo, kwa kawaida ni fupi kuliko sikio na hazina panda.

Na kabla ya yote hakikisha ni dume. Dume ana baka jeusi shavuni chini ya sikio, na rangi nyeusi usoni kutoka puani kwenda juu. Jike hana baka hilo la shavuni. Wyoming hutoa leseni za pronghoni yeyote na, kando yake, leseni za majike na watoto tu, hivyo mwenye hizo za pili akimpiga dume amevunja sheria.

Vifaa

Darubini ya mkono ya 10x42 (ya kukuza mara 10, kioo cha mbele milimita 42) inatosha kutafuta na kutupa wasiofaa. Kwa kukadiria unahitaji darubini kubwa ya bomba moja, ya kukuza mara 20 hadi 60, juu ya stendi ya miguu mitatu iliyo imara. Stendi nyepesi itatikisika kwa upepo wa Wyoming, na upepo huko haukosi; ning'iniza begi lako katikati ya miguu ili iwe nzito. Ongeza kipima umbali, daftari dogo na penseli. Daftari si mapambo. Makadirio ambayo hayakuandikwa hubadilika kichwani kadiri hamu ya kupiga inavyopanda.

Namna ya kumkadiria

Anza na unene, hata kama jicho linataka kupanda kwenye ncha. Mtazame kwa ubavu. Shina la pembe ni bapa: pana ukiliona kwa upande, jembamba ukiliona kwa mbele. Linganisha upana wa shina na upana wa jicho chini yake. Shina likiwa sawa na jicho au jembamba kuliko jicho, mzingo wake uko chini ya inchi 6, na unaweza kumwacha mapema kama unatafuta wa kitabuni. Shina likizidi jicho kwa robo yake, yaani inchi 2.5 hivi, na ukimwona kwa mbele shina lina kama inchi 1.5, mzingo unakaribia inchi 6.5. Huyo anastahili dakika 20 zaidi.

Bado kwa ubavu, inua macho kutoka shina hadi panda. Je, unene unabaki, au pembe inachongoka kama karoti? Dume mzuri pembe yake hubaki karibu na upana uleule mpaka kwenye panda, kama ubao. Hilo ndilo linalobeba mzingo wa pili.

Kisha tazama mahali panda ilipo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Mzingo wa tatu huchukuliwa nusu ya urefu wa pembe. Kwenye pembe ya inchi 15.5, nusu ni inchi 7.75 kutoka chini. Panda ikianzia juu ya alama hiyo, kipimo kinaangukia chini ya panda, mahali pembe bado ni nene, na unaweza kupata inchi 5 au zaidi. Panda ikiwa chini, kipimo kinaangukia juu ya panda, penye sehemu nyembamba, na unapata inchi 3 na kitu. Kipimo kikiangukia kwenye uvimbe wenyewe wa panda, kanuni inasema kisogezwe juu, kwenye wembamba. Tofauti inaweza kufika inchi 3 au 4 kwa pembe zote mbili, na yote inategemea panda imetokea wapi. Kwa macho: dume akiwa macho, masikio yamesimama, tazama ncha ya sikio. Panda ikianzia chini ya ncha ya sikio, hesabu mzingo wa tatu kuwa mwembamba. Ikianzia juu ya ncha kwa inchi 1 au 2, matumaini yapo.

Urefu wa panda nao unachanganya, kwa sababu kipimo hakianzii mbele ya pembe. Huanzia ncha ya panda, hufuata ubavu wa pembe, na kuishia nyuma ya pembe. Yaani upana wa pembe umo ndani ya kipimo. Ndiyo sababu panda inayojitokeza mbele kwa inchi 3, nusu ya sikio, kwenye pembe yenye upana wa inchi 2.5, hupimwa karibu inchi 5.5. Panda hiyohiyo kwenye pembe nyembamba haifiki inchi 5. Inayojitokeza kwa theluthi ya sikio tu ni fupi, hata kama imechongoka vizuri na kupendeza. Panda iliyopinda kuelekea juu au ndani huficha urefu. Ile iliyonyooka mbele huonyesha kila kitu.

Urefu wa pembe uje mwisho. Masikio mawili yakipandana ni inchi 12. Dume asiyezidi hapo kwa kimo, na asiye na mkunjo, ni mdogo. Masikio mawili na nusu ni inchi 15, urefu wa madume wengi wa kitabuni. Lakini hapo umepima kimo tu, na kipimo halisi hufuata mkunjo. Pembe inayojikunja nyuma kama ndoana inaweza kuongeza inchi 2 hata 3 usizoziona kwa mbele, na inayokunjia ndani, ncha zikikaribiana kama umbo la moyo, huficha urefu ukiitazama kwa ubavu. Hivyo urefu hauamuliwi kwa kumtazama upande mmoja tu. Subiri ageuke: ubavu kwa panda, unene na mkunjo wa nyuma, mbele kwa mkunjo wa ndani na ulinganifu, kisogo kwa kulinganisha ncha zote mbili na masikio.

Usimkadirie anayekimbia. Anapokimbia hulaza masikio, rula yako imepotea, na kasi yake inaweza kufika kilomita 85 kwa saa au zaidi. Akikimbia, kaa chini. Nyika ni wazi, madume huwa na maeneo yao, na mara nyingi atasimama mbele kidogo kuangalia nyuma.

Hesabu ya haraka

Kadiria pembe moja: urefu, panda, mizingo minne. Jumlisha, zidisha mara mbili, toa 1 kwa tofauti za kulia na kushoto, maana pembe zinazolingana kabisa ni chache. Mfano: 15.5, panda 5.5, mizingo 6.5, 6.25, 4.25 na 2.75. Jumla ni 40.75, mara mbili 81.5, toa 1, unabaki na 80.5. Huyo ni dume wa kiwango, ila hana akiba: ukiwa umemkosea robo inchi kwenye kila kipimo, yuko 77.5.

Kwa ajili hiyo, anayetaka 80 atafute dume anayesomeka 83 kwa darubini. Mwenye mazoezi mazuri hukosea kwa inchi 2 hivi, na mwenye hamu hukosea kwa 6, daima akizidisha. Andika namba zako zote sita kabla ya kuanza kumnyemelea. Ukimkaribia, kadiria upya bila kutazama namba za kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya inchi 3, hujamwona vizuri bado.

Mzingo wa nne, ule wa robo tatu, hausomeki vizuri mbali. Weka 2.75 kwa dume wa kawaida, 3 au zaidi pale tu unapoona wazi kwamba sehemu ya juu ya panda ni nene kama kidole gumba hadi karibu na ncha.

Vinavyodanganya macho

Mazigazi ndiyo adui mkubwa. Kuanzia saa nne asubuhi siku za Agosti na Septemba, hewa ya moto juu ya ardhi huchezacheza, na ndani ya darubini pembe hurefuka, hufupika na kupinda kama moshi. Kuongeza ukuzaji huongeza mchezo huo; punguza hadi mara 20 au 25, panda mahali palipoinuka ili macho yasipite karibu na ardhi, au ngoja wingu lifunike jua. Dawa ya kweli ni kufanya kazi hiyo saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena saa moja kabla ya jua kuzama.

Ncha nyeupe hupotea kwenye anga hafifu na kwenye nyasi kavu. Dume aliyeonekana mfupi dhidi ya anga mpe nafasi ya pili akiwa mbele ya vichaka vya rangi ya kijivu. Kinyume chake, dume anayesimama juu yako kwenye ukingo wa kilima, pembe zake zikichorwa na anga, huonekana mrefu kuliko alivyo.

Upana nao hulewesha. Pembe zilizotanuka kama mikono iliyofunguliwa hupendeza sana kwa mbele, na anayezipenda ana haki ya kuzipiga kwa uzuri wake. Ila asitarajie alama kwa upana huo.

Kuna pia dume aliyezungukwa na wadogo. Katika kundi la vijana, wa wastani huonekana mfalme. Usimlinganishe na majirani. Mlinganishe na sikio lake mwenyewe. Na baada ya katikati ya Septemba, madume wakianza kupigana, panda huvunjika na ncha hukatika. Tazama pembe zote mbili kila mara. Panda iliyovunjika upande mmoja hukatwa mara mbili: haipo kwenye jumla, na tofauti yake inatolewa.

Umri

Msomaji aliyezoea uwindaji wa Tanzania atauliza umri. Kwa simba, kule umri unatangulia: lazima awe amefika miaka 6, na msindikizaji humsoma kwa pua, manyoya ya shingo na meno. Kwa nyati, uti wa pembe, yaani sehemu nene iliyo juu ya paji, ukikomaa na kuwa mgumu ni dalili. Pronghoni hana dalili ya namna hiyo kwenye pembe. Dume wa miaka 3 anaweza kuwa na pembe kubwa kuliko atakazokuwa nazo akiwa na miaka 7. Shingo nene, tumbo lililoshuka na mgongo uliobonyea kidogo huashiria dume aliyekomaa, lakini uhakika hupatikana kwenye meno, akiwa ameshaanguka. Hivyo chagua kwa pembe za mwaka huu, wala usimwache dume mzuri ukisema atakuwa mkubwa zaidi mwakani. Huenda asiwe.

Mazoezi kabla ya safari

Mtu asiyewahi kugusa pembe hizi hawezi kuzikadiria kwa mita 600. Tafuta vichwa vilivyokaushwa, kwa mafundi wa nyara na kwenye maduka ya zana za uwindaji, ambako huko magharibi ya Marekani havikosekani ukutani. Omba ruhusa, simama hatua 5 nyuma, andika makadirio ya vipimo sita, kisha pima kwa futi. Fanya hivyo kwa vichwa 15 au 20. Utaona unakosea upande uleule kila mara, kwa mfano panda unaipunguza na urefu unauzidisha. Ukishajua kosa lako, unalirekebisha kwa namba: kila ukiona panda ya 5, andika 5.5.

Ukifika uwandani, siku ya kwanza acha bunduki ndani ya gari kama muda unaruhusu. Wyoming ina pronghoni wengi kuliko jimbo jingine lolote, na kwenye eneo zuri unaweza kuona madume 30 au 40 kwa siku. Andika kila mmoja: mahali, namba zake, dosari zake. Dume wa kwanza uliyemwona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliyekufanya moyo uende mbio, jioni huenda akawa wa tisa kwenye orodha.

Kabla ya kufyatua

Kadirio likishakubalika, hakikisha ni dume yuleyule. Wakati unanyemelea kwenye korongo, kundi linahama, na dume mwingine anaweza kusimama pale alipokuwa wako. Tambua alama yake: panda ya kushoto iliyopinda, ncha iliyokatika, baka la shingoni. Angalia aliye nyuma yake, kwa kuwa risasi hupita mwili mdogo kama huu kwa urahisi na majike husongamana. Angalia ardhi ni ya nani. Ardhi ya umma na ya watu binafsi zimeshonana kama viraka, na ramani ya simu yenye mipaka ni ya lazima. Kupiga kutoka garini au kutoka barabara ya umma ni kosa la sheria Wyoming, na nyara inayopelekwa Boone and Crockett lazima iwe imepatikana kwa uwindaji wa haki, yaani mnyama akiwa huru na mwenye nafasi ya kutoroka, mwindaji akiweka saini.

Akishaanguka, usimburute kwa pembe wala kumwinua kwa pembe. Ala imeshika kwenye kiini kwa ngozi na nywele tu, na karibu na wakati wa kuvuliwa hutoka mkononi mzimamzima. Ikitoka, ihifadhi pamoja na fuvu, fundi atairudisha. Pima palepale kwa futi ya chuma nyembamba yenye upana wa robo inchi, ukianzia na shina, na uandike vipimo halisi kando ya makadirio yako. Vipimo rasmi vinangoja siku 60 za kukauka kwenye hewa ya kawaida ndani ya nyumba, na vitashuka kidogo kadiri ala inavyosinyaa, hasa kwenye mizingo. Dume wa 82 akiwa mbichi asihesabiwe kitabuni kabla ya siku hizo.